Walikofuma Merikani

Ile nguo nzito ya pamba iitwayo merikani, ambayo katika njia za misafara toka Bagamoyo hata Ujiji ilikuwa vazi na sarafu pia, aghalabu ilifumwa katika jimbo la Massachusetts, ikaletwa Unguja na merikebu za Salem zilizorudi zimesheheni pembe na sandarusi. Na tijara hiyo, iliyotiwa nguvu na mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833, ilistawi mpaka vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861.

Miongoni mwa miji iliyoshika kazi ya ufumaji jimboni humo ni Lowell, ulioasisiwa katika miaka ya 1820 penye maporomoko ya mto Merrimack, ambako maji yalipitishwa katika mifereji hadi chini ya viwanda ili yazungushe mitambo. Humo mabinti wa wakulima walihudumia vitanda vya kufumia tangu alfajiri hata magharibi, madirisha yamefungwa hata wakati wa joto, kwani hewa ikikauka uzi hukatika. Na pamba yenyewe ilichumwa na watumwa wa kusini, dhuluma ambayo haijuzu kuitaja merikani bila ya kuikumbuka.

Kazi ilipohamia kusini kwenye ujira mdogo, viwanda vilifungwa kimoja baada ya kimoja, hata kile cha Boott, cha mwaka 1835, kikanyamaza katikati ya miaka ya 1950. Vile vya kampuni ya Merrimack, vya mwanzo kabisa, vilibomolewa, nayo ni hasara isiyolipika. Vilivyosalia viliokolewa na wenyeji, akiwemo mwalimu Patrick Mogan, waliodai kwamba historia yao ni mali, hata mwaka 1978 dola ikaufanya mji huo hifadhi ya taifa.

Kuta nene za matofali na madirisha marefu, yaliyowekwa ili mfumaji auone uzi wake, yalifaa mno kwa maskani: Boott leo ina makumbusho, afisi na nyumba za kupanga, na kiwanda jirani kilichoitwa kwa jina la jimbo, Massachusetts, kadhalika kina wapangaji.

Nasi pwani tuna maghala na viwanda vilivyofungwa milango. Nawasihi wenye mamlaka ya miji yetu, kabla ya kutia sahihi amri ya kubomoa, wamtume kwanza fundi akazikague kuta.