Habari za Neno "Apolo" na Maneno Mengine ya Arusha

Wako wasomaji wanaokasirika wakisikia maneno ya vijana wa Arusha, na husema ya kuwa lugha yaharibiwa. Hatuwafuati katika jambo hili. Neno la mtaani mara nyingi huhifadhi habari ambazo vinginevyo zingepotea, nasi twataka kulionyesha kwa neno moja, ndilo apolo.

Mwaka 1967 yalionekana mawe ya rangi ya buluu huko Mererani, katika nyika iliyo kusini-mashariki ya mji wa Arusha, na mwaka uliofuata wafanya biashara wa New York wakayapa jina la tanzanaiti. Miaka ile ile Waamerika walikuwa wakirusha vyombo vyao vilivyoitwa Apollo, na Julai 1969 watu wawili wakakanyaga mwezi. Husemwa kwamba jina la chombo kile kilichopanda juu ndilo lililoshuka mashimoni. Mtu ashukaye mbali katika giza la ardhi kutafuta mawe akaitwa mwanaapolo, na wenzake wanaapolo. Maana yeye naye amekwenda safari ambayo kurudi kwake hakuna ajuaye. Tena neno limeundwa vema, kwa mfano wa mwanamaji na mwanachama, wala halina kosa lo lote la sarufi. (Apollo kwa Wayunani wa kale alikuwa mungu wa nuru, hatudhani kwamba aliyelitunga aliyafikiri hayo.) Mererani imo katika Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipotengwa na Arusha mwaka 2002, na mwaka 2018 machimbo yalikwisha zungushiwa ukuta, walakini neno limeuruka ukuta huo, na hata magazeti huliandika.

Neno la pili la machimboni ni nyoka. Hasa waliitwa hivyo watoto wembamba, waliotumwa kupenya mahali asipopita mtu mzima. Hapo mzaha hauchekeshi tena. Nyoka mwenyewe huingia shimoni apendapo na kutoka apendapo. Mtoto yule aliingia kwa sababu ya njaa. Mvua za mwaka 1998 zilijaza mashimo maji, watu wengi wakafa humo, na mwaka 2008 msiba ukarudi vile vile. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza watoto kufanya kazi za hatari namna hii. Kamusi ikiliandika neno nyoka kwa maana ya mnyama tu, habari za watoto wale zitakuwa zimeachwa nje.

Maneno ya mjini ni mepesi zaidi. Mji wenyewe vijana huuita Chuga. Kijana mwanamume ni chalii, na wakiwa wengi ni machalii. Pikipiki huitwa toyo, kwa jina lililobandikwa na watengenezaji wake. Na kata ya Unga Limited, ambayo leo ni mahali pa kukaa watu, ilipata jina lake kwa kampuni ya kusaga unga.