Simu Inayosema: Wizi wa Simu na Usalama wa Wasioona Mijini

Kwa mtu asiyeona anayetembea peke yake Kariakoo au katikati ya Nairobi, simu ya mguso ni chombo cha safari sawa na fimbo nyeupe. Tangu 2009, visoma skrini vilipoingia, VoiceOver kwenye iPhone na TalkBack kwenye Android, simu imekuwa ikimsomea ujumbe, ikimtajia mtaa aliopo na kumwezesha kulipa bila kumkabidhi mtu mwingine pochi yake. Ndiyo maana ushauri unaotolewa kwa kila mtu, kwamba simu isitolewe barabarani, haumfai. Anayeona akiizika simu yake mfukoni bado anakiona kibao cha mtaa na jina la kituo kwenye kipaji cha daladala. Asiyeona hukosa vyote kwa mara moja.

Tatizo lake linaelezwa vibaya pia linapohesabiwa kuwa ni la macho tu. Kiini chake ni sauti. Sikio linaloisikiliza simu ndilo hilo hilo linaloisikiliza pikipiki inayokaribia, na sauti inayomwongoza mwenye simu humfahamisha aliye jirani kilichomo ndani yake. Kinga nyingi huziba upande mmoja zikaacha mwingine wazi. Akivaa hedifoni masikio yote mawili, siri imehifadhiwa, lakini mwangwi wa kuta, wito wa konda na muungurumo wa bodaboda inayopanda kwenye njia ya waenda kwa miguu vyote hufifia. Njia ya kati ni kuvaa upande mmoja, na upande huo uwe wa ukutani. Sikio la barabarani libaki huru, kwa kuwa mkwapuzi wa pikipiki hutokea barabarani. Zipo hedifoni zinazopitisha sauti kwenye mfupa karibu na shavu na kuyaacha matundu ya masikio wazi; kwa kazi hii ndizo bora, ila bei yake bado si ya kila mtu.

Watumiaji wazoefu huongeza kasi ya kisoma skrini mpaka mgeni asiambulie neno, na wengi huamini kwamba hiyo ni kinga tosha. Kwa barua na ujumbe mrefu ni kweli. Kiasi cha fedha kilichoingia, hata hivyo, ni maneno machache ambayo sikio la kibaka limeyazoea. Taarifa za miamala hazina sababu ya kusomwa zenyewe kwa sauti mtu akiwa stendi, na simu nyingi zinaruhusu zizimwe au zifichwe hadi simu ifunguliwe.

Namba ya siri ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Ndani ya programu iliyotengenezwa vizuri, kisanduku cha nywila hutambulishwa kuwa cha siri, na kisoma skrini huweza kupangwa kitaje nukta badala ya tarakimu. Menyu ya fedha inayofunguliwa kwa nyota na reli haina utambulisho huo. Kwenye simu nyingi namba ya siri huandikwa humo kama maandishi ya kawaida, na kisoma skrini kinaweza kuitamka tarakimu kwa tarakimu mbele ya foleni ya wakala. Menyu hizo pia hujifunga baada ya muda mfupi. Anayelazimika kusikiliza kila chaguo kabla ya kuchagua hukatizwa, huanza upya, kisha huchoka na kumpa wakala simu pamoja na namba. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, kabla ya visoma skrini kuingia katika simu za mguso, na menyu zimebaki na sura ya wakati ule. Lawama ya siri inayovuja hapa ni ya waliobuni huduma. Kumtaka mtumiaji awe makini ni kumtwisha mzigo usio wake. Hadi menyu zirekebishwe, kilicho mikononi mwake ni kutumia programu badala ya menyu inapowezekana, kufanya miamala nyumbani, na kubadilisha namba siku ile ile iliposikiwa na mtu.

Skrini nayo husaliti kimyakimya. Asiyeona hana namna ya kujua kwamba abiria wa pembeni anasoma pamoja naye, ilhali yeye mwenyewe hauhitaji mwanga wake. Visoma skrini vina pazia kwa ajili hiyo: kwenye iPhone, kugonga mara tatu kwa vidole vitatu huifanya skrini iwe nyeusi huku kila kitu kikiendelea kufanya kazi. Ni ajabu kwamba watu wengi hutumia simu hizo kwa miaka bila kuelezwa jambo hili.

Mikono ni miwili. Mmoja umeshika fimbo; wa pili ukishika simu, hakuna wa kushika bomba la daladala wala wa kulinda mfuko, na mlangoni, watu wanapogombania kupanda, ndipo mifuko inapochomolewa. Kamba ya shingoni inaonekana kuwa jibu, lakini aliye juu ya pikipiki akiivuta simu humburuta na mwenyewe. Mfuko wa ndani wenye zipu, usawa wa kifua, ni salama zaidi. Simu hutolewa kwa vituo: mtu husimama, huingia dukani au huegemeza mgongo ukutani, husikiliza maelekezo ya kipande kinachofuata, huirudisha mfukoni, ndipo huondoka. Kipande hicho kinaweza kubebwa kichwani kwa alama ambazo wasioona wamezitumia tangu kabla ya simu, kama mashine ya kusaga, harufu ya mihogo ya kukaanga, au lami inapoishia.

Msaidizi wa njiani anahitaji uangalifu wa aina yake. Wengi ni watu wema, na anayemshuku kila mmoja hawezi kuvuka Barabara ya Morogoro. Kosa la kawaida la mwema na la mwizi ni moja: kumkamata asiyeona mkono na kumvuta. Mkono ukishikwa hivyo, fimbo hupotea mwelekeo na mfuko hukosa mlinzi. Utaratibu unaofundishwa katika mafunzo ya kutembea ni kinyume chake. Asiyeona ndiye humshika msaidizi kiwiko, akatembea nusu hatua nyuma yake, na anaweza kumwachia wakati wowote. Anayekataa kushikwa kiwiko na kung'ang'ania kuvuta ameshatoa taarifa ya kutosha.

Ushauri mwingine maarufu ni kutoka na kitochi, simu ndogo ya vitufe, na kuiacha simu kubwa nyumbani. Wakenya huiita simu hiyo mulika mwizi, jina zuri kwa mada hii. Kwa asiyeona ni ushauri wa kurudi nyuma, kwa kuwa vitochi kwa kawaida havina kisoma skrini: atapiga na kupokea, lakini hatasoma ujumbe. Hufaa tu kama simu ya pili ya kuombea msaada.

Simu ikikwapuliwa, mara nyingi huondoka ikiwa imefunguliwa, kwa kuwa ilikuwa ikiongoza. Tangu 2024 baadhi ya simu za Android zina kinga inayohisi mnyakuo wa ghafla na kuifunga skrini, na iPhone ina ulinzi unaodai uso au alama ya kidole kabla ya mabadiliko makubwa. Vyote viwili inafaa kuhakikisha vimewashwa. Utambuzi wa uso una kasoro kwa kundi hili: VoiceOver ikiwashwa wakati wa kuandaa simu, sharti la macho kuitazama skrini huondolewa, hivyo simu inaweza kufunguliwa kwa kuelekezwa usoni mwa mwenyewe. Laini nayo iwekewe namba yake ya siri, la sivyo itahamishiwa simu nyingine na kupokea ujumbe wa kubadilishia nywila.

Kituoni polisi huuliza mwizi alikuwaje. Katika shauri la Choge dhidi ya Jamhuri la 1985, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilikubali utambuzi kwa sauti kuwa ushahidi, mradi ithibitike kwamba sauti ni ya mshtakiwa, kwamba shahidi aliizoea na kuitambua, na kwamba mazingira hayakuacha nafasi ya kukosea. Kwa mkwapuzi mgeni sharti la pili halitimii, na asiyesema neno haachi sauti yoyote. Kinachobaki ni namba ya utambulisho wa simu, yaani IMEI, tarakimu 15 zinazopatikana kwa kubonyeza *#06#. Imechapwa kwa wino kwenye boksi la simu, na chombo ambacho kingeisoma ndicho kilichoibwa. Kwa hiyo huandikwa mapema kwa nukta nundu na kuwekwa nyumbani pamoja na risiti.