Ilimu ya Msaidizi wa Tabibu wa Mifugo, Kutoka Astrida Hadi Luofu

Katika nyanda za juu za Lubero, mashariki mwa Kongo, upande wa kusini ambako Luofu imekaa, utajiri wa nyumba ya Mnande tangu kale haukuhesabiwa kwa ng'ombe bali kwa mbuzi, kwa kuwa mahari hutolewa kwa mbuzi. Na ukiingia uani hii leo aghalabu utamkuta mbuzi huyo amefungwa kamba kando ya maharagwe, nguruwe yu bandani mwake, na simbilisi wakikimbizana jikoni juu ya majani waliyotupiwa. Nalitanguliza hili kwa sababu ilimu ya kuwauguza wanyama, ilipoletwa nchini, haikuasisiwa kwa ajili ya viumbe hawa, na athari ya asili hiyo ingali mabegani mwa vijana wanaoifanya kazi.

Iliasisiwa kwa hofu ya sotoka. Maradhi hayo, yaliyoenea Afrika ya Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na kuangamiza ng'ombe hata wafugaji wakafa njaa, yaliifikia Ulaya mwaka 1920 kwa njia ya bandari ya Antwerp, ndani ya miili ya ng'ombe waliotoka Bara Hindi wakielekea Brazil. Na mwaka 1924 dola 28 zikatia saini mjini Paris kuunda ofisi ya kupambana na maradhi ya mifugo. Idara za tiba ya mifugo katika makoloni zilikua katika hofu hiyo hiyo. Matabibu Wazungu walikuwa wachache na nchi ni pana, ikawa lazima apatikane Mwafrika wa kumkamata mnyama, kuchemsha sindano, kuchanja na kutia hesabu daftarini. Naye katika Kongo ya Wabelgiji akaitwa infirmie wa wanyama, na sehemu kubwa ya ujuzi wake akaipata kazini, kwa kumtazama mkubwa wake.

Skuli iliyoipa kazi hii heshima ya shahada ilikuwa ng'ambo ya mpaka, Astrida katika Rwanda, mji ambao leo ni Huye, ambako mabruda wa Mapendo kutoka Ghent waliasisi mwaka 1929 chuo ambamo kijana, akiisha kusoma masomo ya jumla, aligawiwa fungu lake: utawala, tiba ya watu, kilimo au tiba ya mifugo. Walitangulizwa wana wa machifu. Na kwa kuwa Rwanda ng'ombe ndiye aliyekuwa mali na alama ya daraja, mafunzo yalimwelekea yeye, jambo lisiloajabisha hata kidogo.

Kwa Wanande mlango ulifunguka karibu na kwao baadaye, Butembo, safari ya kwenda kaskazini kupitia Lubero. Hapo ipo skuli ya ufundi wa kilimo na mifugo, ITAV, ambayo mwanafunzi wake humaliza kwa mtihani wa Dola na kupata ile shahada watu waiitayo A2. Na hapo mwaka 1989, zama za Askofu Emmanuel Kataliko, Kanisa liliasisi Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, chenye kitivo cha tiba ya mifugo.

Lakini anayeitwa usiku mbuzi akishindwa kuzaa ni yule wa A2. Mtazame anapochanja dhidi ya sotoka ya mbuzi na kondoo: humbana mnyama kati ya magoti, huinua ngozi nyuma ya bega, huingiza sindano chini ya ngozi bila kugusa nyama, naye hana budi kuharakisha, maana dawa hiyo ikiisha kuchanganywa na maji yake haidumu, na barafu ni adimu. Tena kazi hiyo huharibiwa na vita: Aprili 2009 wapiganaji wa kundi la waasi la FDLR waliivamia Luofu wakaua watu na kuteketeza nyumba nyingi. Na katika vita vya Kivu mifugo ni katika vitu vya kwanza kuporwa, hata msaidizi hulazimika kuanza upya pamoja na wenye mali.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga masomo ya Butembo wamtangulize mbuzi katika mafunzo ya vitendo, kisha nguruwe, kwa sababu ile homa ya nguruwe iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 haina tiba hadi leo, na mfugaji wa Luofu hana kinga nayo ila banda lililofungwa, viatu vilivyosafishwa, na mtu aliyefundishwa kuitambua siku ya kwanza.