Sorcery and Cecelia

Sorcery and Cecelia ni riwaya ya mapenzi, vichekesho na uchawi iliyoandikwa na Waamerika wawili, Patricia C. Wrede na Caroline Stevermer, na kutolewa mwaka 1988. Matukio yake yamewekwa mwaka 1817 katika Uingereza ya kubuni ambamo uchawi ni taaluma inayotambulika na wachawi wana chuo chao cha kifalme.

Riwaya nzima ni barua za mabinti wawili wa ukoo mmoja: Kate, aliyepelekwa London kutafutiwa mchumba, na Cecelia, aliyebaki kijijini Essex. Kate anaponea chupuchupu kunyweshwa chokoleti yenye sumu iliyokusudiwa kabaila Thomas Schofield, ambaye nguvu zake za uchawi zimefungwa ndani ya birika lililoibwa. Baadaye Kate na Thomas wanajifanya wachumba, na mzaha unageuka mapenzi.

Kitabu kilianza kama mchezo wa kuandikiana barua: Wrede aliandika za Cecelia, Stevermer za Kate, bila kupanga kisa pamoja. Kilichapishwa upya mwaka 2003, kikafuatiwa na *The Grand Tour* (2004) na *The Mislaid Magician* (2006).