Doki ya Diski ni Mkalimani, Usinunue Plastiki

Wasee, wacha nianze na aibu yangu. Miezi michache baada ya kuacha chuo nilinunua doki ya diski. Yaani kale kasanduku kenye midomo miwili juu, unapachika diski ndani kama mkate kwa tosta, halafu kebo ya USB inaenda kwa laptopu. Yangu ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha kunakili diski nzima bila hata kuwasha kompyuta. Nikapachika diski mbili, moja imejaa, nyingine mpya kutoka dukani, nikabonyeza, nikalala.

Asubuhi zote mbili zilikuwa tupu. Nilikuwa nimezipachika kinyume. Doki ilifanya kazi yake kwa uaminifu kabisa: ilinakili utupu. Kwa ile iliyojaa kulikuwa na video za guka akisimulia ujana wake, saa tatu na kitu, na guka tulishamzika.

Tangu siku hiyo nimesoma sana kuhusu hii kitu. Sikuwa nataka kuwa fundi. Nilitaka kujua nani alifikiria kwamba kitufe kama kile ni wazo zuri. Nilichopata ni historia ndefu, na ukiijua, kununua doki kunakuwa rahisi.

Hapo mwanzo hakuna mtu alihitaji doki kwa sababu hakuna mtu angebeba diski. Mwaka wa 1956 IBM ilitoa diski yake ya kwanza, ndani ya mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na uzito wa zaidi ya tani moja. Ilibeba herufi milioni 5. Picha moja ya simu yako ya leo inaweza kuijaza. Mwaka wa 1980 Seagate ikatoa ST-506, megabaiti 5 vilevile, lakini sasa unaishika kwa mkono mmoja. Hapo ndipo shida ikaanza, maana kitu kikibebeka, watu watataka kukihamisha kutoka mashine moja hadi nyingine, na mashine zenyewe hazikuwa zinaelewana.

Kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Mwaka wa 1986 SCSI ikawa lugha rasmi, na Macintosh Plus ikatoka na tundu lake nyuma. Ungeunga diski moja kwa nyingine kama behewa za treni, kila moja ipewe namba yake, na ya mwisho ifungwe kizibo maalum. Namba zikigongana au ukisahau kizibo, mambo yanaharibika. Kwa kompyuta za bei ya chini lugha ilikuwa IDE: kebo pana bapa, pini 40 kwa diski kubwa, pini 44 kwa diski ya laptopu. Kusoma diski ya mtu mwingine ilibidi ufungue kompyuta na bisibisi. Kama mlikuwa na kompyuta ya mtumba nyumbani, ile nzito yenye skrini ya mgongo mrefu, hiyo kebo unaijua.

Neno lenyewe doki lilikuwa na maana nyingine. Mwaka wa 1992 Apple ilitoa PowerBook Duo, laptopu nyembamba isiyo na matundu mengi, na sanduku lake la mezani liliitwa Duo Dock. Laptopu nzima ilimezwa ndani kama kaseti ya video. Naeleza hii kwa sababu hadi leo ukienda Luthuli Avenue ukaomba “doki”, unaweza kupewa ile ya laptopu, ya kuunganisha skrini na kipanya. Sema doki ya diski. Utaokoa nauli.

USB ilikuja 1996, na ile ya kwanza ilikuwa pole kama foleni ya Jogoo Road: megabiti 12 kwa sekunde. Filamu ya megabaiti 700 ingechukua zaidi ya dakika 7 hata mambo yakienda vizuri, na hayakuwa yanaenda vizuri. USB 2.0 ya mwaka 2000 ilifika megabiti 480. Hii ndiyo iliyotulea. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu 2009, lakini bado intaneti ilikuwa ya kuhesabu shilingi, kwa hivyo filamu na miziki vilitembea kwa miguu. Unapeleka flashi au diski kwa jamaa wa duka la muvi, anakujazia, unalipa, unaenda.

Lakini kilichozaa doki tunayoijua ni SATA, iliyoanza kuuzwa 2003, na hapa naomba mnisikize. Kwa mara ya kwanza diski kubwa ya inchi 3.5 na ndogo ya laptopu ya inchi 2.5 zilipata mdomo mmoja, umbo moja, data na umeme pamoja. Hakuna kebo bapa, hakuna kupinda pini. Ndiyo maana mtu aliweza kutengeneza sanduku lenye tundu moja juu na likakubali zote mbili. Kama diski yako ni ile nyembamba ya M.2, inayofanana na kipande cha chingamu, haiingii hapo. Hiyo ina soketi yake.

Sasa, diski inaongea SATA na laptopu inaongea USB. Katikati kuna chipu ndogo inayotafsiri. Hiyo chipu ndiyo unanunua. Plastiki, taa za buluu, sijui miguu ya mpira, hizo ni mapambo.

Mkalimani wa zamani alikuwa na matatizo yake. Chipu nyingi za zamani zilihesabu vipande vya diski kwa namba ya biti 32, na kila kipande ni baiti 512. Piga hesabu: inaishia kama terabaiti 2.2. Diski za terabaiti 3 zilipofika 2010, watu walizipachika kwa doki za zamani wakaona gigabaiti 746. Mimi ningekasirika, lakini hatari kubwa zaidi ni kuandika kwa diski iliyohesabiwa vibaya, kwa sababu unaweza kufuta ulichokuwa nacho mwanzoni. Wakalimani wengine wakajiongeza, wakaiambia kompyuta kila kipande ni baiti 4096. Inafanya kazi vizuri, hadi siku doki inakufa na diski yako inaonekana tupu ukiiweka kwa doki nyingine. Haijafutika! Usikubali mtu akuambie ufomati.

Kasi nayo isikutishe. Diski ya kuzunguka husoma megabaiti 150 hivi kwa sekunde, 200 ikiwa na bidii. USB 3.0 ya 2008 inaibeba bila jasho, na terabaiti moja inaisha kwa saa mbili hivi. Kwa USB 2.0 ni kama saa 8. Wakikuuzia ile ya gigabiti 10 na wewe una diski za kuzunguka tu, hiyo ni pesa ya bure. Kitu cha kuuliza ni UASP. Bila hiyo, mkalimani anapokea amri moja, anaimaliza, ndiyo apokee nyingine. Nayo inachekesha, maana amri zenyewe bado ni za SCSI ya 1986, zimevaa nguo mpya.

Umeme: diski kubwa inataka volti 12, na tundu la kawaida la USB linatoa 5. Kwa hivyo doki ya diski kubwa lazima ije na adapta yake ya ukutani, na ikikosekana kwa boksi usilipe. Halafu, kitu ambacho maelezo ya boksi hayasemi: laptopu ina betri, doki haina. Tokeni zikiisha katikati ya kazi, laptopu inabaki inakutazama na diski imezima ikiandika. Mimi huangalia mita kwanza.

Ninayotumia sasa ina tundu moja, USB 3.0, UASP, na imeandikwa wazi inakubali diski za terabaiti 10 na zaidi. Haina kitufe cha kunakili. Naburuta faili mwenyewe, nafungua tano sita kuona kama zinacheza, kisha ndiyo nagusa ile diski ya zamani. Leo ndani kuna diski ya laptopu ya binamu yangu, yeye pia alirekodi guka siku moja ya Krismasi. Ni dakika 11. Zinanakiliwa nikiandika hii.