Pembetatu Tupu: Historia ya Mstari wa Urithi

Barabara ya Jogoo, ambayo wakoloni waliiita Doonholm, hukutana na Outer Ring pale Donholm, jijini Nairobi. Malori ya mchanga, mabasi, matatu, tuktuk na bodaboda hubanana hapo asubuhi. Mwanafunzi wa programu akiambiwa auchore msongamano huo kwa kompyuta, ataanza na klasi moja, Chombo, kisha atavuta mistari kutoka Lori, Basi na Matatu hadi kwenye klasi hiyo. Kila mstari huishia kwa pembetatu tupu, ishara kwamba klasi ya chini inarithi sifa za ile ya juu.

Foleni kama hiyo ndiyo iliyozaa urithi wa klasi. Mwishoni mwa 1966, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Kituo cha Kompyuta cha Norwei, mjini Oslo, walikuwa wakifikiria mfano wa daraja la kulipia, lenye foleni ya malori na mabasi. Lori lina mzigo, basi lina abiria, lakini vikiwa foleni vyote ni kitu kimoja: kuna kilicho mbele na kilicho nyuma. Kwa nini kanuni za foleni ziandikwe mara mbili? Wakaamua sehemu ya pamoja iandikwe mara moja, halafu itangulizwe kwenye maelezo ya kila aina. Mei 1967 waliwasilisha wazo hilo katika mkutano wa Lysebu, karibu na Oslo, na likaingia katika lugha ya Simula 67. Tuzo ya Turing waliipata kwa mwaka 2001, wakati ambapo michoro ya urithi ilikuwa imeenea duniani kote.

Masharti ya urithi yalikuja baadaye. Bjarne Stroustrup, aliyeanza kazi ya lugha ya C++ mwaka 1979, aliruhusu urithi uwe wa wazi au wa faragha, na toleo la 1989 likakubali klasi moja iwe na wazazi wawili. Lugha ya Java ya 1995 ilikataa jambo hilo la mwisho.

Wachoraji nao walihitaji mahali pa kuyaandika masharti hayo. Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson waliunganisha mitindo yao katika kampuni ya Rational, na Novemba 1997 UML ikapitishwa kuwa lugha rasmi ya michoro ya programu. Katika programu yao ya Rational Rose, kubofya mstari wa urithi kulifungua dirisha la sifa zake. UML yenyewe iliweka maswali mawili mazito. Je, orodha ya klasi za chini ni kamili? Je, kitu kimoja kinaweza kuwa katika klasi mbili kwa wakati mmoja?

Swali la kwanza Nairobi inalijua vizuri. Kabla ya 1973, mchoro wa usafiri wa abiria wenye Basi na Teksi pekee ungelingana na sheria, lakini si na barabara: matatu zilikuwa tayari zikibeba watu kinyume cha sheria. Mwaka huo Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kufanya kazi bila leseni maalumu. Aliyeandika "kamili" kwenye mstari wake angekuwa ameliacha nje gari lililobeba wakazi wengi wa Eastlands, mashariki mwa jiji.

Swali la pili lina mtego mbaya zaidi. Hadi toleo la 2.4.1, mchoraji asipoandika neno, UML ilichukulia kwamba klasi za chini haziingiliani. Toleo la 2.5, lililotoka 2015, liligeuza hali hiyo: ukimya sasa unaruhusu ziingiliane. Mchoro uleule ukabadilika maana bila mkono wa mtu kuugusa. Anayehamisha michoro ya zamani kwenda programu mpya hana budi kufungua dirisha la kila pembetatu na kujaza majibu yote mawili waziwazi, hasa akichora mji ambamo pikapu moja hubeba sukuma wiki alfajiri na wafanyakazi jioni.