Kiegemeo cha Bombomu

Anayeunda modeli ya gari la kivita hufika kwenye kipande kimoja kidogo ambacho Kiswahili hakijakipa jina lililotulia: chuma kinachoibeba bunduki juu ya gari. Bunduki yenyewe haina shida. Askari wa enzi za ukoloni waliiita bombomu, jina linalosikika kama mlio wake, na kamusi zikaongeza bunduki ya rasharasha. Tatizo liko chini yake.

Wengi wangesema stendi, lakini stendi ina mabasi yake. Wengine wangesema kitako, neno linalomvuta msomaji kwenye tako la bunduki, yaani sehemu ya mti inayoegemezwa begani. Mimi nachagua kiegemeo, kwa sababu katika fizikia ya shule egemeo ni pale wenzo unapotulia na papo hapo unapozungukia. Chuma tunachokitafutia jina hufanya kazi hizo mbili, na ya tatu juu yake: kupokea msukumo wa kurudi nyuma kila risasi inapotoka, na kuupeleka kwenye bodi la gari badala ya kifuani mwa mtu.

Kwa msomaji wa Mafia, mfano mzuri uko ng'ambo tu ya mlangobahari, katika delta ya Rufiji. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915 ili waipate manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha mikokoni. Ndege zilizorukia kisiwani ziliielekeza mizinga ya Severn na Mersey, meli zenye kina kifupi zilizoundwa hapo awali kwa ajili ya mito ya Brazil, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaisha. Mizinga yake 10 ya milimita 105 haikuisha. Wajerumani waliiopoa, na hapo ndipo wakakabiliwa na swali letu. Mzinga wa meli hukaa kwenye nguzo iliyofungwa kwa bolti sitahani. Uzito wa meli nzima ndio unaoutuliza. Ukiung'oa una bomba la chuma tu. Karakana ya reli ya Dar es Salaam ikaunda magari ya magurudumu, na mamia ya wapagazi wakaikokota nchi nzima. Mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa tena melini, safari hii juu ya Graf von Götzen, ambayo leo tunaijua kama Liemba. Baadaye mzinga huo ulihitajika kwingine, ukaondolewa, na mahali pake ukawekwa wa bandia, wa mti. Labda ndiyo modeli ya silaha kubwa kuliko zote zilizowahi kuundwa Tanganyika, na ilikuwa kwa kipimo kamili!

Basi kiegemeo si sehemu ya bunduki wala si sehemu ya gari. Huhama, hubadilishwa, huundwa upya. Vipande vyake vina majina tayari. Cha chini kabisa ni kitako, na hapa neno hilo linakaa vizuri. Ndani ya kitako huingia pini, kama fundi wa gereji anavyoiita. Juu ya pini kuna panda, ile pacha ya chuma ambamo bunduki hulala na kuinamishwa au kuinuliwa. Pini ikikosekana na badala yake pakawa na reli ya duara ambayo bunduki hutembea juu yake, hiyo ni pete.

Magari ya majini na nchi kavu hutumia aina zote mbili. (Jeshini kifaru ni kifaru hata kikiogelea, ingawa jina la kiboko lingefaa zaidi: viboko wa Mafia husemekana walifika kisiwani kutoka Rufiji, na sijasikia kifaru aliyejaribu.) Lori la Marekani DUKW, lililoanza kuundwa 1942 na kufikia zaidi ya 20,000, lilifungwa pete kwa takriban gari moja kati ya manne. Anayeipachika pete kwenye kila DUKW ya kabati lake, basi, anaongeza silaha ambazo jeshi halikuzitoa. LVT-4, gari la minyororo la kushushia askari ufukweni, lilibeba bunduki zake kwenye pini kingoni mwa bodi. Sababu ya kuwa kingoni inaeleweka: tundu likitobolewa chini ya mstari wa maji gari litakunywa bahari, na uzito ukirundikwa juu sana litayumba kwenye wimbi.

Sasa mezani. Browning M2 ina urefu wa mita 1.65, hivyo kwa uwiano wa 1:35 ni milimita 47, na kwa 1:72 ni 23. Tundu la mtutu, lenye kipenyo cha milimita 12.7, linakuwa la theluthi ya milimita hivi kwa 1:35. Kosa ninalolichukia ni kuibandika bunduki kwa gundi moja kwa moja juu ya bodi. Hata mtu asiyejua lolote huona kwamba kitu hakijabebwa na chochote. Toboa kitako kwa keekee ndogo ya mkono, ingiza waya wa shaba wa nusu milimita uwe pini, kisha kunja panda kwa kipande chembamba cha bati la soda. Usiibane pini kwa gundi. Bunduki ikizunguka, utagundua mwenyewe inapogonga kioo cha mbele, mlingoti wa antena au kichwa cha dereva, nawe utajua kama kitako kinahitaji kusogezwa au kuinuliwa.

Kisha tafuta pa kumweka mpigaji. Pete ya DUKW iko juu, kwa hiyo askari wako asimame na pete imfikie kifuani. Akiifikia kwa kunyoosha mikono tu, aliyekosea kipimo ni wewe. Rangi ya kutu iweke kwenye pini na ukingo wa kitako, ambako maji ya chumvi hutuama, na panda iache iking'aa kidogo pale chuma kinaposuguana na chuma.